Kijiji cha babu kina watu wangapi, na basi linafika?

Safu ya maswali ya wasomaji. Anayejibu ni mwalimu mstaafu wa jiografia, Tanga. Mwezi uliopita tuligusa majahazi ya Kutch, wilaya ya jimbo la Gujarat magharibi mwa India, na barua za mwezi huu zimefuata upepo huohuo hadi bara, kwenye vijiji vidogo vya India.

Shikamoo Mwalimu. Mume wangu ni mzaliwa wa hapa Mombasa, lakini babu yake alikuja na jahazi kutoka Kutch. Marehemu mkwe wangu alituachia jina la kijiji, limeandikwa nyuma ya picha. Mwanangu amelitafuta kwenye simu akapata jedwali la sensa ya India ya mwaka 2011. Kaya hazifiki mia, watu hawafiki mia tano, na wanawake ni wengi kuliko wanaume. Halafu kuna mistari ya usafiri. Basi: hakuna, na herufi b. Stesheni ya reli: hakuna, na herufi c. Matrekta: yapo. Barabara ya lami: ipo. Mume wangu amekata tamaa, asema kijiji hakifikiki na pengine hata watu wameshahama. Nimwambie nini? Na tukienda, tutafikaje?
Mama R., Makadara, Mombasa

Marahaba, Mama R. Mume wako amesoma "hakuna" akafunga ukurasa. Jedwali la kijiji la sensa ya India halisomwi hivyo, kwani ile herufi inayofuata ndiyo jibu lenyewe. Huduma ikiwa haipo ndani ya mipaka ya kijiji, huandikwa umbali wa mahali pa karibu inapopatikana: a ni chini ya kilomita 5, b ni kati ya 5 na 10, c ni zaidi ya 10. Basi lenu, basi, linasimama mahali fulani kilomita 5 hadi 10 kutoka kwa babu. Reli iko mbali zaidi, na hilo halishangazi katika wilaya yenye zaidi ya kilomita za mraba 45,000, ambayo sehemu kubwa ni uwanda wa chumvi na nyika.

Sasa mtazame mistari ile mingine miwili. Lami ipo, matrekta yapo. Lami ikifika kijijini na basi lisifike, ujue watu wanasafirishwa na kitu kingine, na pande zile kitu hicho mara nyingi ni chhakdo: mbele pikipiki, nyuma tela la magurudumu mawili, injini ya dizeli ya silinda moja ambayo utaisikia muda mrefu kabla hujaiona. Abiria, magunia ya karanga, makopo ya maziwa na mbuzi, wote hupanda pamoja. Mwambie mwanao arudi kwenye jedwali atafute mstari wa bajaji na wa teksi. Nao ukisema "zipo", nusu ya wasiwasi wenu umekwisha.

Nilipomsindikiza dada yangu kwenye matibabu Ahmedabad, alipopata nafuu nilimuaga kwa siku chache nikapanda treni hadi Bhuj, makao makuu ya Kutch, kumtembelea mzee mmoja aliyekuwa na duka la vitambaa hapa Tanga na ambaye alirudi kuzeekea taluka ya Mandvi (taluka ni kama tarafa kwetu). Kwenye karatasi, kijiji chake nacho hakina basi. Basi la serikali liliniteremsha njia panda, na hapo chini ya mwarobaini zilikuwapo chhakdo zinalingoja basi hilohilo. Dereva mmoja alinitazama, akataja jina la mzee wangu kabla sijafungua kinywa. Mama wa Kiswahili mwenye buibui hateremki pale kila wiki. Nauli nilikatazwa kulipa, nikalazimika kuiacha kwa mke wa mzee ili aifikishe baadaye. Hakuna karani wa sensa awezaye kuandika utaratibu wa namna ile kwenye safu ya "ndiyo" au "hapana".

Kuhusu idadi ya watu, mnahitaji uangalifu zaidi. Makarani walipita nyumba kwa nyumba kuanzia tarehe 9 hadi 28 Februari 2011, na hesabu ikafungwa kwa usiku wa kuamkia Machi mosi. Mtu aliyekuwa mbali na kwake siku zote hizo hakuhesabiwa kijijini. Kijana aliyeko Mumbai kwenye duka la mjomba, fundi aliyeko Muscat, na bila shaka nyinyi wa Makadara, hamumo. Ndiyo maana ule mstari wa wanawake kuzidi wanaume umenivutia kuliko yote. Wilaya nzima ya Kutch mwaka 2011 ilikuwa na wanawake 908 kwa kila wanaume 1,000, kwa sababu bandari za Kandla na Mundra na viwanda vyake vimevuta vibarua wanaume kutoka kila upande. Kijiji kinachokwenda kinyume na wilaya yake namna hiyo kwa kawaida kina wanaume wanaokula kwingine na kutuma fedha nyumbani. Sioni dalili ya kijiji kilichokufa hapo. Kama mnataka dalili ya kufa, tazameni safu ya watoto wa miaka 0 hadi 6. Kwa India nzima mwaka ule walikuwa asilimia 13.6 ya watu wote. Ikiwa kwenu ni nusu ya hapo, basi wamebaki wazee na kufuli.

Mwanao, maana naona ni hodari wa simu, atakutana pia na habari kwamba watu wa Kutch waliongezeka kwa asilimia 32 kati ya 2001 na 2011, wakafika 2,092,371. Asiichukue asilimia hiyo akaizidisha na kijiji cha babu. Ongezeko lile limekaa Gandhidham, Anjar na Mundra, kwenye viwanda vilivyofuata misamaha ya kodi baada ya tetemeko la ardhi la 2001. Kijiji cha kaya themanini ndani ndani huko kinaweza kuwa kilipungua miaka ileile.

Na hilo tetemeko lina mkono wake katika takwimu. Lilipiga asubuhi ya tarehe 26 Januari 2001, Siku ya Jamhuri, na sensa ya mwaka ule ilikuwa imepangwa kuanza tarehe 9 Februari. Bhuj, Anjar na Bhachau zilikuwa vifusi. Nani angekwenda kugonga mlango kuuliza idadi ya vyumba? Kutch haikuhesabiwa pamoja na wengine, na takwimu za kwanza zilizotangazwa kwa wilaya hiyo zilikuwa za makadirio. Kwa hiyo mkitaka kulinganisha 2001 na 2011 hakikisheni mnasoma hesabu ya mwisho. Jueni pia kwamba baadhi ya vijiji vilijengwa upya mahali pengine, umbali kidogo na magofu. Picha ya mkwe wako inaweza kuonyesha mtaa ambao leo ni kuta tupu, na kijiji chenyewe kiko upande wa pili wa barabara.

Lami nayo imefikaje kwa watu wasiofika mia tano? Tarehe 25 Desemba 2000, serikali ya Waziri Mkuu Atal Bihari Vajpayee ilianzisha mpango wa barabara za vijijini, Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana. Kanuni yake ni hesabu tupu: kila makazi ya tambarare yenye watu 500 au zaidi yapewe barabara inayopitika masika na kiangazi, milimani, kwenye maeneo ya makabila na jangwani kiwango kishuke hadi watu 250. Kutch huhesabiwa kwenye jangwa, kwa hiyo mia nne na kitu wanatosha. Sikuambii kwamba lami yenu imetoka kwenye mpango huo, maana serikali ya jimbo la Gujarat nayo hujenga barabara zake. Lakini tangu mwaka ule, kwa kijiji kidogo, kuhesabiwa vizuri kumekuwa na thamani ya kokoto na lami. Kitongoji cha watu 249 hubaki na vumbi lake, labda kiwe karibu na kingine. Vitongoji vilivyo ndani ya mita 500 huruhusiwa kujumlishwa ili vifikie kiwango, na milimani huo umbali ni kilomita moja na nusu kwa njia ya miguu. Wapo wanaoiona kanuni hii ya kikatili. Mimi naipenda. Mkulima anaweza kuisoma, akahesabu majirani, akaenda ofisini kudai. Kungoja huruma ya mbunge ndiko kukatili.

Neno "kijiji" lenyewe kwenye jedwali lichukueni kwa tahadhari. Ni eneo la kodi ya ardhi lenye mipaka yake, na ndani yake panaweza kuwa na vitongoji viwili vitatu vilivyotawanyika. "Lami ipo" maana yake imegusa kijiji, haimaanishi imefika mlangoni kwa babu. Kinyume chake pia hutokea: eneo limeandikwa kama kijiji, lina namba yake ya sensa, na hakuna mtu hata mmoja anayelala humo. India ilikuwa na vijiji zaidi ya 640,000 kwenye orodha ya 2011, na makumi ya maelfu kati yake vilikuwa vitupu.

Haya, safari. Kwanza hakikisheni jina. Kutch ina majina pacha yanayotenganishwa na "kubwa" na "ndogo" ya Kigujarati; taluka ya Mandvi, kwa mfano, ina Mota Asambia na Nana Asambia. Bila jina la taluka mnaweza kulia kwenye kaburi la babu wa watu. Ulizeni jumuiya yenu hapo Mombasa, wazee bado wanazo kumbukumbu. Na Gujarat kuna watunza nasaba wanaoitwa vahivancha, ambao hurithishana madaftari ya koo. Mkishajua taluka, nendeni kwa ndege hadi Mumbai au Ahmedabad, kisha treni hadi Bhuj. Kutoka Mumbai ni usiku kucha. Bhuj ndiyo stendi kuu ya mabasi ya serikali, yale ambayo kila mtu huyaita ST. Msiulize "basi la kijiji fulani", ulizeni "basi linalopita karibu na kijiji fulani", maana mkiuliza la kwanza mtajibiwa hakuna na mtarudi hotelini. Ulizeni pia la jioni: Gujarat na Maharashtra kuna mabasi yanayofika jioni, yakalala huko vijijini, yakaondoka alfajiri na wanafunzi na wauza maziwa. Mkilipata hilo, mjue mnalala huko. Mkifika, mtu wa kumtafuta ofisini ni talati, karani wa serikali ya kijiji. Mwenyekiti wa kuchaguliwa ni sarpanch. Talati ndiye mwenye daftari.

Usisubiri takwimu mpya ndipo mwende. Sensa iliyopaswa kufanyika 2021 iliahirishwa kwa sababu ya korona, na Juni 2025 serikali ilitangaza kwamba tarehe ya hesabu itakuwa Machi mosi 2027, isipokuwa kwenye maeneo ya theluji ya kaskazini ambako ni Oktoba mosi 2026. Mpaka majedwali ya kijiji kwa kijiji yachapwe, mume wako atakuwa ameshazeeka kidogo.

Mwalimu, mimi ni dereva wa bodaboda. Hivyo vijiji vya India visivyo na basi, bodaboda hakuna?
Kijana wa Msamvu, Morogoro

Jambo moja litakuchekesha: pikipiki unayoendesha yawezekana imetoka hukohuko. Boxer ni ya Bajaj ya Pune, na TVS ni ya Tamil Nadu. Lakini kazi yako wewe, ya kumpakia mtu usiyemjua kwa nauli, vijijini India si biashara kubwa kama hapa. Goa wanayo zamani, madereva wana leseni na pikipiki zenye rangi ya njano, wanaitwa "pilot". Mijini siku hizi kuna za kuita kwa simu. Kwingineko, mara nyingi sheria haimruhusu mwenye pikipiki ya kawaida kubeba abiria wa nauli, na mwenye kijiji hupanda nyuma ya mpwa wake bure.

Hesabu ya 2011 itakupa picha. Katika kaya za vijijini India, asilimia 46.2 zilikuwa na baiskeli, 14.3 zilikuwa na pikipiki au skuta, na 2.3 tu zilikuwa na gari. Tangu hapo pikipiki zimeongezeka sana, utaziona hadi kwenye ua wa wenye mbuzi wawili. Kwa hiyo pengo ambalo wewe unalijaza Morogoro, kule limejazwa na pikipiki ya familia kwa upande mmoja, na chhakdo, jeep ya abiria au bajaji ya kuchangia kwa upande wa pili. Ile jeep ninakushauri uikwepe. Wakati wa sikukuu watu hukaa hadi juu ya paa, na kondakta huning'inia nyuma akihesabu pesa kwa mkono uliobaki.

Mheshimiwa Mwalimu, ninasoma mipango miji na vijiji, Dodoma. Tunabishana darasani. Wenzangu wanasema barabara ikifika kijiji kidogo inakinyonya: vijana wanaondoka, kijiji kinabaki na bibi. Mimi nasema barabara inaleta maendeleo. India wamejenga nyingi kuliko wote. Nani ana haki?
Mwanafunzi wa mwaka wa pili

Nyote wawili mmebisha bila kupima, na India wamepima. Kile kiwango cha watu 500 nilichomweleza Mama R. kiliwapa watafiti zawadi ambayo hawakuipanga: vijiji viwili vinavyofanana kwa kila kitu, kimoja kina watu 490 na kingine 510, na kimoja tu kati yao ndicho kilichopata barabara mapema. Sam Asher na Paul Novosad walilifanyia kazi hilo na kuchapisha mwaka 2020. Matokeo yao hayatampendeza mbishi yeyote darasani kwenu. Barabara ziliwatoa watu kwenye kazi za shamba wakaingia kazi nyingine. Lakini mavuno, mapato na mali za nyumbani hazikubadilika sana, na biashara za palepale kijijini ziliongeza ajira kidogo tu. Huo ni mpango uliogharimu takriban dola bilioni 40.

Nakuomba usiishie hapo ukasema "barabara haina faida". Mwulize mama mjamzito wakati wa masika. Mapato ni kipimo kimoja. Kuna utafiti mwingine wa watu haohao pamoja na Anjali Adukia ulioona watoto wengi zaidi wakiendelea na shule baada ya barabara kufika, na mimi niliyekaa darasani maisha yangu yote naupa huo uzito mkubwa kuliko magunia.

Halafu angalia Bihar. Mwaka 2006 serikali ya jimbo hilo, moja ya majimbo maskini kabisa India, ilianza kuwapa wasichana wanaoingia kidato cha kwanza cha sekondari, darasa la tisa kwao, fedha za kununua baiskeli: rupia 2,000. Karthik Muralidharan na Nishith Prakash walipolinganisha na jimbo jirani la Jharkhand, waliona uandikishaji wa wasichana sekondari umepanda kwa asilimia 32, na pengo kati yao na wavulana limepungua kwa asilimia 40. Athari ilikuwa kubwa zaidi kwenye vijiji vilivyo kilomita 3 au zaidi kutoka shuleni. Barabara ni ileile, shule ni ileile. Kilichobadilika ni chombo. Tena fedha zilipewa familia na walimu wakataka risiti, na sehemu kubwa sana kweli zikawa baiskeli. Zambia nao walijaribu baadaye kuwapa wasichana wa vijijini baiskeli, Prakash huyohuyo akiwa miongoni mwa waliopima.

Hivyo ukirudi darasani, usiulize barabara inaleta au inanyonya. Uliza anayeishi mwisho wa barabara hiyo anapanda nini, kwa nauli gani, na anarudi saa ngapi. Kijiji chenye lami na basi la saa kumi na moja alfajiri tu kitawapoteza vijana wake, maana anayefanya kazi mjini hawezi kurudi kulala nyumbani. Kikipata na la saa moja jioni, wengi hubaki. Hilo la mwisho ni langu, si la watafiti, lakini nimelisikia kwa wazazi wa pande zile na za kwetu Pangani.

Mwalimu shikamoo. Mjukuu wangu ananiambia kuna Mhindi alipasua mlima kwa nyundo ili kijiji chake kipate njia. Nimemwambia aache uongo.
Babu wa Kondoa

Marahaba babu, ingawa kwa umri nadhani ni mimi wa kukuamkia. Mjukuu hakudanganya. Anaitwa Dashrath Manjhi, wa kijiji cha Gehlaur, wilaya ya Gaya, jimbo la Bihar. Alikuwa kibarua, wa tabaka la chini kabisa, lile la Musahar. Kilima kilisimama kati ya kijiji chao na upande wa Wazirganj walikopata huduma. Mke wake, Falguni Devi, alifariki baada ya kukosa kufikishwa kwa daktari kwa wakati. Mwaka 1960 Manjhi alianza kukichonga kilima kwa nyundo na tindo. Inasimuliwa aliuza mbuzi wake kuvinunua. Alimaliza 1982. Miaka 22. Njia aliyoiacha ina urefu wa takriban mita 110, upana wa mita 9 na kina kinachokaribia mita 8, na ilipunguza mwendo kati ya Atri na Wazirganj kutoka kilomita 55 hadi 15.

Watu wake walimwita mwehu, kisha wakaanza kumletea chakula. Alipofariki Agosti 2007 jimbo lilimzika kwa heshima za kiserikali, na 2016 posta ya India ilimtolea stempu. Mimi sifa hizo huniudhi kidogo. Ofisi ambazo kwa miaka 22 hazikutuma hata toroli moja la kokoto, baadaye zilishindana kumvisha mashada. Mwambie mjukuu ashike habari zote mbili.

Nimesikia India hufungua kituo cha kura kwa ajili ya mtu mmoja. Kweli au porojo?
Msomaji, Bujumbura

Kweli. Kanuni ya tume yao ya uchaguzi ni kwamba mpiga kura asitembee zaidi ya kilomita 2 kufika kituoni. Ndani ya msitu wa Gir, Gujarat, wanakoishi simba wa Asia, kuna mahali panaitwa Banej, penye hekalu. Kwa chaguzi kadhaa mpiga kura wa pekee hapo alikuwa mtunza hekalu, hadi alipofariki 2019. Mrithi wake akaingizwa kwenye daftari. Na upande wa pili wa nchi, Malogam, jimbo la Arunachal Pradesh karibu na mpaka wa China, maafisa wamekwea milima kwa mwendo wa kilomita zipatazo 40 na mashine yao ya kura kwa ajili ya mwanamke mmoja.

Wanapofika huketi siku nzima, kwa sababu kituo hakifungwi mapema hata kama mpiga kura ameshamaliza kazi yake asubuhi.